Mazoezi ya maafa yanatuhusu na sisi wenye mabuibui



Leo magauni ya harusi tuyaweke kando kidogo. Mimi ni fundi cherehani huku Ziba, wilaya ya Igunga. Barabara kuu ya Singida kwenda Nzega inapita wilayani kwetu, mabasi na malori usiku na mchana. Aprili 2018 basi na lori viligongana, watu 12 wakafariki. Nyie wa visiwani mna msiba wenu: Spice Islander, Septemba 2011, na Skagit, Julai 2012.

Kwa ajili ya siku kama hizo hufanywa mazoezi ya maafa. Watu hujifanya majeruhi, waganga na zimamoto huja mbio, majeruhi hugawiwa kwa rangi: nyekundu ahudumiwe kwanza, manjano anaweza kusubiri, kijani anajiweza, nyeusi ameshafariki. Kazi nzuri, lakini mimi naona bado kuna pengo. Wanaofika mwanzo ni majirani. Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani, wavuvi ndio waliotangulia. Kati ya watu 43, 24 walitoka hai.

Sasa majeruhi akiwa mwanamke? Mwanamume mmoja anaona haya kumgusa, mwingine anamvua hovyo mbele ya simu za watu. Wanazuoni wetu wanasema roho kwanza, na asipopatikana mwanamke wa kutibu, mwanamume anaruhusiwa. Basi kwa nini tusipatikane? Bibi Rufaida alikuwa na hema la majeruhi Madina, na Saad bin Muadh alitibiwa humo baada ya vita vya Khandaq. Stara haikumzuia.

Kwa hiyo waandaaji wa mazoezi watuite, wanawake wa mtaani, tuwe waokoaji na si kuigiza majeruhi tu. Na timu zifundishwe kumsitiri mgonjwa: mkasi ukate nguo pale penye jeraha tu, kwingine kote afunikwe kanga. Sisi mafundi tunajua nguo inavyofunguka kwenye mshono. Damu ikitoka, kunja kitambaa safi, gandamiza kwa nguvu, usifunuefunue kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Aliyeumia shingo usimnyanyue, ila kama moto au hatari nyingine iko karibu.

Vikundi vyetu vya madrasa viende kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa sheha, viulize zoezi lijalo ni lini na viombe nafasi. Nawe bibi harusi, siku ya kufundwa mwombe somo wako amwalike muuguzi kwa nusu saa. Tunafundwa kupika, kujifukiza na kumpokea mume. Kuzuia damu ya mtoto wako isimwagike ikaisha, nako ni kutunza nyumba.

Allah atuepushe na mabaya, na yakija atukute tunajua la kufanya. Amin.