Ploti Moja, Mita Moja, Vyumba Kumi

Wangu, kila wakubwa wakizungumzia stima Afrika utasikia neno moja: kuunganishwa. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam, na hesabu iliyokuwa mezani ni nzito: Waafrika karibu milioni 600 hawana umeme. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zinataka kuwafikia milioni 300 kati yao ikifika mwaka 2030. Safi kabisa, hilo naliunga mkono. Lakini sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tuna swali: ukishaunganishwa, halafu?

Maana kwetu waya ulishafika zamani. Hapo Kipevu, Changamwe, ndipo KenGen inapofua umeme kwa mitambo ya mafuta, na Kipevu III iko kazini tangu 2011. Ukipita Magongo, Mtongwe au Mishomoroni, nguzo unaziona. Kwenye makaratasi sisi tumemaliza, tuna stima.

Sasa ingia ndani ya ploti. Vyumba kumi vimepangana, choo ni cha wote, na mita ni moja ukutani. Tokeni mnachangishana, ama mwenye nyumba ananunua halafu anawadai pamoja na kodi. Hayo mnayajua. Ambalo wengi hawalijui ni hili: bei ya stima ya nyumbani inategemea mita inatumia yuniti ngapi kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, mita isiyozidi yuniti 30 ndiyo inayopata bei nafuu. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 100. Sasa ukivuka 30 unapanda daraja la pili, na ukivuka 100 uko daraja la juu kabisa.

Hebu piga hesabu nami. Chumba kina taa mbili, simu za kuchaji na televisheni ndogo. Tuseme kinakula yuniti 20 kwa mwezi. Kingekuwa na mita yake, kingepata bei nafuu bila maneno. Lakini viko kumi kwenye mita moja, na 20 mara 10 ni 200. Mita haijui kwamba nyuma yake kuna familia kumi. Inaona nyumba moja inayotumia stima kama tajiri, na nyote mnauziwa bei ya juu. Jamaa aliyepanga nyumba yake peke yake, akitumia yuniti 28 kwa mita yake, analipia kila yuniti bei ya chini kuliko mama wa chumba nambari saba anayetumia 20.

Yaani bei ya mnyonge ipo, ila mnyonge mwenyewe haioni.

Na hapa hatuzungumzii taa tu. Ndani ya hivyo vyumba kuna kazi. Kuna dada anayeuza barafu za ukwaju na maji baridi, kuna fundi wa cherehani ya stima, kuna kijana anayeediti video za harusi usiku kucha. Tokeni zikiisha mapema, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mwenye friji. Ataambiwa aongeze pesa ama aizime. Akizima, biashara ndiyo hiyo imekwisha. Huko mikutanoni wanasema umeme utaleta ajira, huku kwenye ploti majirani tunazimiana kazi.

Kuna atakayesema, si kila mtu aombe mita yake? Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na watu wakaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Hiyo ilisaidia wengi. Lakini mpangaji ataombaje mita kwenye ukuta usio wake? Na nani atazika pesa zake kwenye chumba ambacho huenda akakihama mwaka ujao? Mwenye nyumba naye namwelewa: nyaya na mita kumi ni gharama yake, nafuu ni ya mpangaji.

Kwa hivyo mzigo urudi kwa wanaopanga bei. EPRA, mamlaka inayoidhinisha bei za stima, ihesabu familia badala ya kuhesabu mita. Ploti ya vyumba kumi ipewe kikomo cha yuniti 300. Ama kila chumba kiwekewe mita kwa mkopo, deni likatwe kidogo kidogo kwenye tokeni. Mtasema wenye nyumba watadanganya idadi. Wapo watakaojaribu, sikatai. Lakini milango inahesabika, na mzee wa mtaa anaijua yote. Tena bei ikiwa ya haki, tamaa ya kujivutia waya wa wizi inapungua, na waya hizo zinaua watu na kuchoma nyumba.

Bei zikipitiwa upya, EPRA huita wananchi watoe maoni. Vikao hivyo vijana huwa hatuendi, halafu tunalalamika mtaani. Safari hii tujipange. Hesabu milango ya ploti yenu, hesabu mita, na kwa miezi mitatu andikeni mmenunua yuniti ngapi na kwa pesa ngapi. Ukisimama na karatasi hiyo mkononi, hakuna wa kukwambia kwamba Kisauni stima ilishafika, mambo yameisha.