Nani Mwenye Kuona Haya?



Kuna jambo ambalo katika mashirika yetu husemwa kwa kunong'ona tu, na mara nyingi halisemwi kabisa. Ni jambo la mtu mzima ambaye hawezi tena kuzuia mkojo wake, na ambaye inampasa kuvaa kitambaa au nepi kila siku. Najua wengine watakunja uso na kusema: «Mwalimu, hayo nayo ni maneno ya kuandika katika gazeti la misioni?» Ndiyo, ni ya kuandika. Watu hao wamo katika parokia zetu, na ninyi mnawafahamu. Ni yule mama aliyekuwa akiimba katika korali na sasa haonekani tena. Ni yule mzee anayesimama karibu na mlango, hata kama viti vya mbele ni vitupu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani kwamba nawahukumu wengine huku nikijihesabu mwenye haki.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa shirika letu alishikwa na uchungu wa kuzaa huko kijijini. Mvua ilikuwa imekata njia, na motokari haikuweza kupita. Alikaa katika uchungu siku mbili nzima. Mtoto alizaliwa amekufa, na baada ya siku chache mkojo ulianza kumtoka wenyewe, usiku na mchana. Alipopata nguvu alirudi kwenye Misa, amejifunga vipande vya kikwembe chini ya nguo zake. Siku hiyo ya Mungu watu waliokaa karibu naye walisogea, mmoja mmoja, mpaka kiti kizima kikabaki chake peke yake. Mimi nilikuwa mbele nikiongoza sala, nikaona yote. Baada ya Misa nilimwendea, nikamwambia kwa sauti ya upole: «Mama, pumzika kwanza nyumbani mpaka upone. Mungu anajua.» Akajibu: «Ndiyo, Mwalimu.»

Akapumzika. Alipumzika miaka miwili!

Nilirudi nyumbani nikidhani nimetenda huruma. Kumbe nilikuwa nimemfungia mlango kwa maneno laini, na wale waliosogea walikwenda zao wakifurahi kwamba Mwalimu amewapa haki. Tangu hapo nimesikia maneno hayohayo katika vinywa vya wakristu wengi, hata wenye elimu: «Akae nyumbani mpaka apone.» Maneno hayo nayachukia sasa, na nitasema kwa nini.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Mtoto akikwama njiani wakati wa kuzaliwa, kichwa chake kinabana kibofu cha mama juu ya mfupa wa nyonga. Damu haipiti tena mahali hapo. Ikiwa ni kwa saa nyingi, nyama hiyo inakufa, inaoza, inaacha tundu. Mkojo unapita katika tundu hilo bila kuuliza ruhusa ya mwenye mwili. Ndiyo fistula. Katika nchi yetu imetokea pia kwa akina mama wengi walioharibiwa na watu wenye silaha. OMS, lile shirika la afya la dunia, liliwahi kukadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 2 walikuwa wakiishi na fistula isiyotibiwa katika Asia na Afrika kusini ya Sahara. Basi wale wanaosema kwamba huyu alirogwa, au kwamba Mungu anamwadhibu kwa uzinzi wa siri, waniambie: barabara iliyokatwa na mvua imezini na nani? Mume aliyechelewa kuita watu wa kumbeba mkewe, mbona yeye nguo zake zi kavu?

Lakini si fistula peke yake. Mama aliyezaa mara nyingi, akikohoa au akicheka, mkojo unaponyoka. Mzee aliyepasuliwa tezi ya chini ya kibofu anaweza kukaa miezi akivuja. Mwenye ugonjwa wa sukari, aliyevunjika uti wa mgongo, aliyepooza upande mmoja, wote hao wamo. Na wewe unayesoma ukitabasamu, Mungu akikujalia uzee, huenda ukawa mmoja wao.

Sasa turudi kwenye maneno yale: «mpaka apone.» Kupona kupo, namshukuru Mungu. Pale Bukavu, Mganga Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka wa 1999, pamoja na ndugu zetu wa Kanisa la Kipentekoste, na akina mama maelfu wamepasuliwa huko. Mwaka wa 2018 akapewa Tuzo la Nobel la Amani. (Sioni aya kuwasifu Waprotestanti pale walipotutangulia.) Kule Addis Ababa, Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya fistula tangu 1974. Matundu mengi yanazibika. Lakini ni lini mama wa kijijini atafika huko? Ana nauli? Njia ina amani? Na hata tundu likizibwa, wako wanaoendelea kuvuja kidogo, kwa kuwa nyama za kuzuia mkojo zimelegea. Hao nao watakaa nyumbani mpaka kufa? Ukisema «mpaka apone», mara nyingi umesema «milele», ila umekosa ushujaa wa kulitamka neno lenyewe.

Mzee mmoja wa parokia, mtu ninayemheshimu, alinipinga mbele ya watu katika mkutano. Alisema: «Mwalimu, sheria ya Kanisa haimlazimishi mgonjwa kuja kwenye Misa ya dominika. Tena mahali patakatifu panataka usafi.» Nikamjibu: «Baba, ni kweli, mgonjwa ameondolewa lazima. Lakini ruhusa ile alipewa yeye, hukupewa wewe. Ni mlango wa kumpumzisha asiyeweza kuja. Si ufunguo wa kumfungia nje anayetaka kuja.» Kuhusu usafi, nilimkumbusha yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa sheria ya watu wake hakupaswa kugusa mtu. Alijipenyeza kwa siri kutoka nyuma, kwa sababu ya haya. Bwana Wetu hakumwambia arudi nyumbani. Alimtafuta katikati ya umati, akamfanya asimame mbele ya wote, akamwita kama mzazi anavyomwita binti yake. Yule mzee alinyamaza, lakini sikuona kwamba amekubali.

Nimesema na wanaosogea. Nataka kusema pia na wewe, mama, au wewe, baba, unayevaa kitambaa kwa siri, au unayekataa kukivaa. Maana nawe una kosa lako, nami nitakuambia kwa heshima.

Unasema: «Nepi ni kitu cha mtoto. Nikivaa nimekuwa si mtu mzima tena.» Sikiliza habari hii. Tarehe 5 Mei 1961 Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kupelekwa angani, alikaa saa nyingi akiwa amefungwa ndani ya chombo chake, akingoja kirushwe. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika 15 tu, kwa hiyo hakuna aliyefikiri habari ya mkojo. Mkojo ukambana, akalazimika kuutoa ndani ya mavazi yake. Wakubwa zake walijifunza. Leo wanaotoka nje ya chombo kufanya kazi angani, saa 6 au 7 ndani ya mavazi mazito, huvaa nepi ya watu wazima. Je, wanaitwa watoto wachanga? Watu wanasifu kazi yao, na nepi iko ndani, inafanya kazi yake kimya. Babu anayevaa miwani haambiwi kwamba si mtu mzima. Anayeshika fimbo haambiwi kwamba ni mtoto anayejifunza kutembea. Kwa nini basi kitambaa peke yake kibebe aibu yote ya mwili wa Adamu?

Unaogopa kwamba wataona. Chini ya kikwembe kilichofungwa vizuri hawaoni kitu. Wanaume wachague suruali yenye nafasi, na koti refu kidogo. Usianze na Misa Kuu ya Pasaka. Anza nyumbani: vaa, keti, inama, chota maji, piga magoti, uone inavyokaa. Kesho nenda kwa jirani. Keshokutwa nenda sokoni, ukae nusu saa. Utaona kwamba watu wanatazama bei ya maharagwe, hawakutazami wewe. Hofu haiondoki kwa mawazo kitandani. Inapungua kila unaporudi nyumbani ukiwa mkavu.

Unaogopa harufu. Hapa wengi wanajiumiza wenyewe. Wanaacha kunywa maji tangu usiku, wakidhani mkojo utapungua. Kweli unapungua, lakini unakuwa mkali na mzito wa rangi, unanuka zaidi, tena unachoma ngozi. Namjua mzee mmoja aliyeanguka kanisani kwa kizunguzungu. Watu walidhani ni kifafa, kumbe tangu jana yake hakunywa hata kopo moja. Basi kunywa maji. Mkojo uliochanganyika na maji mengi haunuki sana. Kinachonuka ni kitambaa kilichokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Badilisha kabla ya kulowa kabisa, jioshe kwa maji safi, jikaushe, paka mafuta mahali mkojo unapogusa, ili ngozi isitoke vidonda.

Nepi za dukani, zile ambazo huku wote tunaziita Pampers hata kama kampuni ni nyingine, zinanyonya vizuri, kwa kuwa ndani mna unga unaogeuza maji kuwa kama uji mzito. Lakini ni ghali, na wengi wetu hatuwezi kuzinunua kila siku. Wengine huziweka kwa safari tu, kama ile ya mashua ya kutoka Goma mpaka Bukavu, au siku ya mazishi, ambapo mtu hawezi kuondoka ovyo. Siku nyingine vitambaa vya pamba vinatosha: shuka kuukuu, taulo lililochakaa, vikunjwe mara kadhaa, na kipande cha plastiki kwa nje. Chukua mifuko miwili, mmoja wa vikavu, mwingine wa vilivyolowa. Nepi ya dukani iliyotumika isitupwe ziwani wala mferejini, ichimbiwe shimo.

Na hapa nafika kwenye neno ambalo naona ni kubwa kuliko yote, ingawa ni la kamba ya nguo. Akina mama hawa huficha vitambaa vyao. Wanavianika chini ya kitanda, nyuma ya jiko, ndani ya mgomba, mahali jua halifiki. Vitambaa havikauki, vinaota ukungu, vinanuka, vinaleta upele. Kisha jirani anasema: «Unaona? Nilisema ananuka.» Aibu ndiyo iliyoleta harufu, na harufu ikaongeza aibu! Kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni kinataka jua la wazi. Kiko safi kuliko kola ya shati langu la dominika. Kama mtu anaudhiwa kukiona juu ya kamba, ageuze uso wake, ana shingo.

Wakuu wa mashirika, nawauliza ninyi: tunachanga kwa ajili ya harusi, ubatizo, na sherehe ya Padri mpya. Ni shirika gani limechanga sabuni kwa ajili ya mama anayefua vitambaa mara nne kwa siku? Ni parokia gani imemwekea kachumba kidogo karibu na kanisa, chenye ndoo ya maji na mlango unaofungwa, ili abadilishe wakati wa mahubiri marefu? Na mahubiri yetu ni marefu, mimi mwenyewe najua. Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 23 Mei kuwa siku ya kupiga vita fistula, tangu 2013. Tunaweza kuchagua siku hiyo, tusiifanye siku ya maandamano na nguo za kufanana tu, bali ya misumari na mbao za kachumba kale.

Yule mama niliyemfukuza kwa upole, nilimwendea baada ya miaka miwili. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anatandaza vitambaa juu ya majani ya mgomba. Nilimwomba msamaha. Hakulia, wala hakunikaripia. Alisema: «Mwalimu, mimi sikuacha Misa kwa sababu ya mkojo. Niliacha kwa sababu wewe uliniambia.»

Baadaye alipata kupelekwa hospitalini, akapasuliwa. Tundu lilizibika. Akikohoa bado anavuja kidogo, na bado anavaa. Siku aliporudi kanisani alikaa kwenye kiti cha tatu, upande wa akina mama, na nilitazama kwa hofu ni nani atakayesogea. Mama mmoja mzee sana, mke wa marehemu mwalimu aliyenitangulia, aliinuka mahali pake, akaja kuketi ubavuni mwake. Baada ya Misa alimwonyesha mfuko mdogo ndani ya kapu lake, akamwambia bila kushusha sauti: «Mwanangu, mimi huu ni mwaka wa kumi, na humu ndani hakuna anayejua.»

Yule mzee wa parokia bado tunabishana naye. Juma lililopita aliniletea misumari ya kachumba, akasema kwamba ni kwa ajili ya wajawazito tu. Nimeipokea.