Barabara Nayo ni Mahali pa Kazi

Kila siku malori ya shehena hupita Lusahunga, wilayani Biharamulo, yakielekea Rusumo, wilayani Ngara, ambako huvuka mto Kagera na kuingia Rwanda. Mengine hushika njia ya Kabanga kwenda Burundi. Njia hiyo ni tegemeo la jirani zetu wasio na bahari. Lakini yuko mtu anayeilipia kwa pumzi yake: askari wa usalama barabarani.

Askari huyo husimama kando ya lami akikagua matairi, taa, breki na leseni. Lori likiisha kukaguliwa huondoka kwa ngurumo na kumwachia wingu la moshi mweusi usoni. Dereva huuacha moshi nyuma yake; askari hubaki nao.

Hatari hiyo si ya kudhania. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, chombo cha Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa moshi wa injini za dizeli husababisha saratani ya mapafu. Chembe zake ni ndogo mno, hata hupenya hadi kwenye damu na kudhuru moyo. Leso iliyofungwa puani haizizuii.

Huenda msomaji wetu wa visiwani, aliyezoea upepo wa ziwa, akasema jambo hili halimhusu. Linamhusu. Askari hao ni watoto wetu sote. Aliye kisiwani leo, kesho aweza kuhamishiwa Rusumo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Serikali mambo manne. Kwanza, moshi mweusi uhesabiwe kuwa ubovu wa gari sawa na breki mbovu, na lori linaloutoa lizuiwe mpaka litengenezwe. Pili, malori yaliyo katika foleni yazime injini. Tatu, ukaguzi ufanywe mahali tambarare, si penye mwinuko ambapo injini hulemewa. Nne, askari wapokezane zamu, wapewe barakoa za kuchuja chembe, na wapimwe mapafu kila mwaka.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003. Barabara nayo ni mahali pa kazi. Anayelinda maisha yetu barabarani anastahili kustaafu akiwa na mapafu aliyoanza nayo kazi.