Bila piano, bila gitaa: nani amesema huo si muziki?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wazazi na vijana mlioacha nyumba zenu kwa ajili ya vita, kuna maneno tunayoyasikia kila mara na tumeyachoka: «Kundi lisilo na gitaa wala piano si kundi. Waende watafute vyombo kwanza, ndipo warudi.» Maneno hayo tunayakataa.

Tunajua yanatoka wapi. Congo ni inchi ya gitaa. Franco na Docteur Nico walitufundisha kupenda nyuzi. Hata Verckys, mpiga saksafoni, alijulikana ndani ya OK Jazz, katikati ya magitaa. Lakini mazoea si sheria.

Huko Marekani, mwaka 1957, mpiga saksafoni Sonny Rollins aliingia studio mjini Los Angeles na watu wawili tu: Ray Brown kwenye besi, Shelly Manne kwenye ngoma. Hakukuwa na piano wala gitaa la kutandika sauti nyingi chini ya wimbo. Sahani iliyotoka ni «Way Out West». Je, wimbo ulianguka? Hata! Besi ilishika njia, ngoma ikajibu, saksafoni ikapata nafasi ya kutembea. Kila mmoja alipaswa kumsikiliza mwenzake, maana hapakuwa na pa kujificha.

Mwaka 1958, pamoja na Oscar Pettiford na Max Roach, akatoa «Freedom Suite», muziki wa karibu dakika 19 juu ya uhuru wa watu weusi. Wakati ule jina lake lilikuwa kubwa, lakini alipotafuta nyumba ya kupanga New York alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Mtu aliyenyimwa nyumba alisema neno lake kwa vyombo vitatu. Baadaye sahani hiyo ilitolewa tena kwa jina lingine, lisilotaja uhuru. Nani huhangaika kufuta neno ambalo halikusikika?

Lakini tusidanganyane. Rollins aliacha piano kwa kupenda. Wewe uliacha gitaa lako nyumbani ukikimbia risasi. Asije mtu akashika mfano huu na kusema kwamba kukosa ni kuzuri, ao kwamba wahami hawahitaji vyombo. Wanavihitaji. Na mbele ya vyombo wanahitaji amani, na njia ya kurudi kwao.

Tunachodai leo ni kimoja. Wenye redio, viongozi wa makanisa na waandaaji wa sherehe, acheni kuwafungia vijana mlango mpaka kundi «litimie». Wapeni nafasi na kile walicho nacho. Ngoma moja, filimbi moja, na sauti nzito ya kushika chini: wakisikilizana, wametimia.