UZI: LEBO SI PAMBO

1. Juzi niliandika hapa kwamba sabuni isiyo na lebo isiuzwe. Nikaoga matusi. "Nesi rudi wodini, tuache tutafute riziki." Sawa. Nimerudi wodini, na hizi ndizo habari za huko. Kaeni, uzi ni mrefu.

2. Zamu ya usiku, saa tatu. Mama anaingia mbio, mtoto wa miaka miwili begani, anakohoa na kutoa mate. Mkononi ana chupa ya maji ya kunywa, ndani kuna kitu cha kijani. "Ni sabuni nesi, nilinunua kwa dada anayepitisha mtaani." Sabuni ya nini mama? Ya vyombo? Ya choo? Hajui. Naisoma chupa. Imeandikwa maji safi ya kunywa.

3. Kwa nini nilikuwa namuuliza vile? Sababu mtoto aliyeonja sabuni ya vyombo ya kawaida, mara nyingi tunamwangalia saa kadhaa anarudi nyumbani. Aliyekunywa dawa ya choo yenye kostiki soda ni mgonjwa mwingine kabisa. Kostiki inachoma kuanzia mdomoni hadi tumboni. Koo linaweza kuvimba akakosa hewa, na makovu yakaja kumziba asimeze hata uji. Kama hujui ni ipi, unamhudumia kama aliyekunywa ile mbaya.

4. Ndivyo tulivyofanya. Asile, asinywe, dripu, daktari kaamshwa, rufaa inaandaliwa, baba anapigiwa simu akope hela ya gari. Muuzaji alipatikana saa moja asubuhi. Ilikuwa sabuni ya vyombo. Mtoto mzima! Nilifurahi, halafu nikakasirika. Mstari mmoja wa kalamu ungetuokolea usiku ule wote. Na siku nyingine itakuwa kinyume: tutaambiwa "ni sabuni tu", kumbe ni kostiki.

5. Sasa wewe unayesema lebo ni mambo ya viwanda vikubwa. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, si TFDA tena. TFDA ndiyo imekuwa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Lebo ya kipodozi inatakiwa iwe na: jina la bidhaa, jina na anwani yako, viambato, uzito au ujazo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kutumia na tahadhari. Hiyo namba ya toleo wengi mnaidharau, ila ndiyo rafiki yako. Sufuria moja ikiharibika unarudisha za sufuria ile tu, hufungi biashara nzima.

6. "Sabuni yangu ni ya asili, haina kemikali." Dada yangu, kaka yangu, hakuna sabuni ya mche iliyotengenezwa bila magadi makali. Mafuta ya mawese au ya nazi peke yake hayawi sabuni hata uyakoroge mpaka Idi. Ukipima vizuri, kostiki yote inaisha ndani ya mafuta na sabuni inakuwa salama. Ukikosea vipimo, inabaki na kuchoma ngozi. Kwa hiyo usitudanganye kwamba haimo. Tuambie umeipima.

7. "Nikiandika viambato wataniibia siri." Nani kakwambia uandike vipimo? Unataja majina tu, ukianza na kilicho kingi. Makampuni makubwa wanaandika viambato vyao miaka yote, na wewe hujawaibia. Ila mwenye mzio wa karanga anataka kujua kama mafuta yako yana karanga. Hiyo si siri yako, ni ngozi yake.

8. Wenye siri kweli tunawajua: wauza mkorogo. Kopo jeupe, "cream ya kung'arisha", namba ya simu. Ndani zebaki, haidrokwinoni, steroidi. Zebaki inaharibu figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Steroidi kali zikitumika muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, kidonda kinachelewa kupona. Mimi ndiye nafunga hivyo vidonda. Wewe mtengenezaji mwaminifu ukiuza kopo lisilo na maelezo, unasimama foleni moja na huyu. Mteja atawatofautishaje?

9. Na nyie wenye ofisi msicheke, zamu yenu. Kiwango kimeandikwa Kiingereza na nakala inauzwa. Mama wa Mbagala aliyeishia darasa la saba ataisoma lini? Andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, mubandike kila duka la malighafi. Na hayo maduka yenyewe yanapima kostiki kwenye mfuko wa nailoni usio na neno hata moja! Mnaanza kumkamata wa mwisho, wa kwanza mnamwacha. Kuteketeza mali mbele ya kamera si elimu.

10. Ila usisubiri ofisi. Leo hii acha kutumia chupa za maji na soda. Kama huna jinsi, toa karatasi ya zamani yote ubandike yako: SABUNI, kazi yake, kilichomo, tarehe, namba yako, WEKA MBALI NA WATOTO. Kisha nenda SIDO wakupe barua ya utambulisho, TBS wana utaratibu wa kumsaidia mjasiriamali mdogo kupata alama ya ubora.

11. Na wewe mnunuzi: mtoto akinywa, usimtapishe. Kinachochoma kikishuka kinachoma tena kikipanda. Mkimbize hospitali na njoo na chupa.

12. Mnaniambia nirudi wodini. Mimi nipo huku. Lebo yako ndiyo barua unayoniandikia kabla mteja wako hajafika. Niandikie.