MASHAURI YA JAMAA: Volani nyepesi si kila mara volani nzuri

Mwezi huu tuache kidogo mambo ya ndoa na ya minervali. Tuseme juu ya kitu ambacho tunakikabizi uzima wetu karibu kila juma bila kukifikiri: volani ya gari.

Kijana mumoja shofere, anayefanya kazi ya taksi kati ya Butembo na Beni, aliningojea kiisha ibada. Akasema: «Pasta, gari yangu ni ya zamani, na volani imekuwa nyepesi kabisa. Ninaizungusha kwa kidole kimoja. Wenzangu wananisifu, eti nina gari laini. Lakini kwenye mteremko ninaogopa. Gari inakwenda pale inapotaka yenyewe. Nikimwambia mwenye gari, anajibu: Tembeza tu, mwezi ujao tutaona.»

Nilimusikia vizuri kijana huyu, kwa sababu mimi vilevile nilifanya kosa hilo. Zamani nilikuwa na Carina iliyochoka. Siku moja nilichukua waimbaji wanne kwenda Beni. Njia ile ni kilometa 50 na kidogo, na Butembo iko juu sana kuliko Beni, basi sehemu kubwa unashuka. Mbele ya Maboya tukakutana na kamio. Nikavuta volani kidogo: hakuna kitu. Nikavuta tena: gari ikaruka mara moja upande wa mufereji. Tulisimama kati ya migomba. Bwana alituhurumia, hakuna aliyeumia. Fundi alipotazama, akatuonyesha rotuli moja ya volani imekula mpaka inacheza sawa jino la mutoto. Na mimi nilikuwa nimesikia mucheko ule tangu miezi mitatu, nikisema: Itafika tu.

Sasa tujifunze. Nyepesi ni jambo moja, kucheza ni jambo lingine. Volani inacheza wakati unaizungusha na magurudumu hayajajibu. Volani ni nyepesi wakati inajibu, lakini mikono yako haisikii njia, na ukiiachilia kiisha kona hairudi katikati. Gari ya zamani inaweza kuwa na magonjwa yote mawili pamoja.

Pima hivi. Simamisha gari pahali pa sawasawa, magurudumu yaangalie mbele. Kama volani inasaidiwa na mafuta, washa moteri. Zungusha volani polepole kushoto na kuume, na mwenzako atazame mupira wa mbele. Pima kwa rula, kwenye ukingo wa volani, mwendo wote kabla mupira haujaanza kusogea. Vitabu vya Toyota ndogo nyingi vinaweka mwisho kuwa milimita 30, ni karibu vidole viwili. Ukipita pale, usiseme tena «ni uzee tu».

Kiisha anza na vitu visivyokula feza.

Kwanza, hewa ya mipira. Juu ya muzigo, wengi wetu tunajaza mupira mpaka unakuwa sawa jiwe. Mupira mugumu unagusa udongo padogo tu, volani inakuwa nyepesi, na gari inarukaruka juu ya mawe. Mupira wenye hewa kidogo nao unafanya gari iyumbe. Soma kipimo kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mulango wa shofere, na upime asubuhi mupira ungali baridi.

Pili, muzigo. Gari ya watu watano inachukua wanane, na nyuma tunafunga magunia mpaka mulango haufungi. Muzigo ukipita nyuma ya magurudumu ya nyuma, unainua pua ya gari. Mipira ya mbele inagusa chini kwa uzito mudogo. Hapo volani itakuwa nyepesi hata kama vyuma vyote ni vipya. Hakuna fundi wa kuponya ugonjwa huu. Ni wewe kupunguza.

Tatu, resori za nyuma. Wengi wanaongeza vyuma vya resori ili gari ivumilie njia ya Manguredjipa. Siku ya muzigo ni vizuri. Lakini siku gari iko tupu, mukia unasimama juu na pua inainama. Tazama kinga: ile chuma inayoshika gurudumu la mbele haisimami wima, imelala kidogo, upande wa juu umerudi nyuma. Gari nayo imetengenezwa hivi. Kwa mulalo ule mupira unafuata nyuma sawa mbuzi anayevutwa kwa kamba, na volani inarudi yenyewe katikati. Ukiinua mukia wa gari, unapunguza mulalo ule. Basi volani inaelea.

Kiisha njoo kwenye vyuma. Inua gurudumu moja la mbele kwa kriki, weka gogo la nguvu chini ya chasi, na wekea magurudumu ya nyuma mawe. Usiingie kamwe chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Wake wengi wamekuwa wajane kwa njia hiyo. Shika mupira kushoto na kuume, utikise: ukisikia mucheko, tazama rotuli za volani. Shika juu na chini, utikise: mucheko pale unaonyesha rulema ao rotuli kubwa ya chini. Tazama vilevile silenbloki na mipira midogo inayoshika kremayere. Ikikatika, kremayere yote inatembea mbele ya volani kufanya kazi.

Rotuli iliyokula haiponi. Nimeona watu wanaipiga nyundo ili ikaze, ao wanatia kipande cha kamera ya mupira ndani. Siku mbili tatu utadanganyika. Lakini rotuli ya volani ikichomoka, utazungusha na gurudumu halitasikia tena. Na rotuli kubwa ya chini ikichomoka, gurudumu linalala na gari inaanguka pua. Badilisha. Na ukibadilisha, pimisha paralelisme, kwa sababu magurudumu hayataangalia tena njia moja. Mipira mipya itakwisha kwa majuma machache.

Land Cruiser na Hilux za zamani nyingi ziko na boatye ya volani, si kremayere. Juu yake kuna visi ya kukazia. Vijana wa garaji wanapenda kuanza hapo, juu ni rahisi. Muache iwe ya mwisho. Boatye inakula zaidi katikati, kwa sababu sehemu kubwa ya safari tunakwenda mbele. Ukikaza mpaka mucheko wa katikati uishe kabisa, katika kona itashika, na volani haitarudi. Robo ya muzunguko inaweza kuwa nyingi mno. Na volani ndogo ya mapambo, ile vijana wanayonunua, inafanya tu mikono isikie uzito. Mucheko unabaki palepale.

Gari nyingi zinaingia kwetu kupitia Kasindi, zimekwisha kutembea miaka mingi mikononi mwa watu wengine. Basi mbele ya kulipa, fanya vipimo hivi vyote. Rangi nzuri haigeuzi gurudumu.

Sasa neno langu kwenu wenye magari. Wengi wenu mnakaa kwenye viti vya mbele kanisani. Munamupa kijana gari na kumuomba feza ya kila jioni, lakini feza ya rotuli munasema ni shida yake. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, Mungu aliagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mutu asianguke na damu isiwe juu ya nyumba yake. Aliyeagizwa ni mwenye nyumba, si mugeni. Gari yako ni dari yako.

Nawe kijana, sema mapema, na useme mbele ya mushahidi. Onyesha rula. Akikataa, kukaa siku mbili bila kazi kunauma, ninajua, na watoto watauliza chakula. Lakini wale wanaopanda nyuma yako nao wana watoto.

Yule kijana wangu tulikwenda naye pamoja kwa mwenye gari, na rula mukononi. Mzee alishika volani mwenyewe, akazungusha, akanyamaza. Kesho yake gari ilibaki garajini. Sasa kijana ananiambia volani imekuwa nzito kidogo, na wenzake hawamusifu tena. Lakini analala usingizi.

Mungu awalinde njiani.