Vijana wanapohamia mijini, nani humpima nyanya presha?

TUNAPOZUNGUMZA juu ya watu kuhama mashambani na kwenda mijini, mara nyingi tunataja matatizo ya Nairobi: mitaa ya mabanda, uhaba wa maji, msongamano wa magari na milolongo hospitalini. Ni nadra mtu kuuliza kule walikotoka kumebaki nani. Kwangu mimi kama daktari, swali hilo la pili lina uzito sawa na la kwanza.

Chukua mfano wa Kimulot, eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet. Huko kuna wakulima wenye vishamba vyao vya chai. Katika Konoin hiyo hiyo kuna pia mashamba makubwa ya kampuni. Wakulima na vibarua hao ni majirani, lakini umri wao haufanani hata kidogo.

Katika landhi za kampuni utawakuta hasa watu wa umri wa kufanya kazi, wengi wakiwa wametoka Nyanza na Magharibi kama walivyofanya wazazi wao. Mzee ni nadra, kwa kuwa anayestaafu hurudisha nyumba ya kampuni na kwenda kwao. Ukivuka upande wa wakulima, mambo ni kinyume. Boma baada ya boma utampata nyanya, au kogo kama aitwavyo huku, pamoja na wajukuu. Watu wa makamo wako Nairobi, Nakuru au Eldoret, na wengine wamevuka bahari kwenda nchi za Ghuba.

Sababu zinaeleweka. Baba mwenye ekari mbili za chai na wana watano hawezi kuzigawa zikawatosha wote. Kazi ya kuchuma majani chai nayo imepungua tangu kampuni zilipoleta mashine. Hasira ya jambo hilo ilionekana Mei 2023, waandamanaji walipoteketeza baadhi ya mashine hizo Kericho. Kwa hivyo simlaumu kijana anayepanda matatu kwenda kutafuta riziki.

Sasa tuuangalie mji. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 jijini Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073, yaani zaidi ya mara nane. Katika muda huo idadi ya Wakenya wote iliongezeka takriban mara nne tu, kutoka milioni 10.9 hadi milioni 47.6.

Wengi hudhani ongezeko la mji ni hesabu ya wanaoshuka stendi ya mabasi peke yake. Sivyo. Wakati wa ukoloni mwanamume Mwafrika alitakiwa mjini kama kibarua asiye na familia, na mkewe akabaki nyumbani. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, wake na watoto waliwafuata waume zao kwa wingi. Aidha, anayehama huwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliye tayari kuoa au kuolewa na kuzaa. Hivyo mji humpokea yeye pamoja na watoto atakaowapata. Hata wahamiaji wakikoma kuja leo, mji utaendelea kukua kwa miaka mingi, ingawa wanawake wa mjini huzaa watoto wachache zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha wastani wa watoto 2.8 kwa mwanamke mjini na 3.9 mashambani.

Kwa daktari maana yake ni wazi. Mji unahitaji wakunga, chanjo na huduma za vijana na majeruhi. Kijiji kinahitaji hizo za watoto, na zaidi ya hizo kinahitaji matibabu ya presha, kisukari, macho na viungo. Idadi ya watu ni moja ya vigezo vya kugawia kaunti fedha, lakini hesabu ya vichwa pekee haisemi ni vichwa vyenye mvi au vya watoto wachanga.

Tena mji na kijiji huambukizana maradhi yasiyoambukiza, kwa namna ya kusema. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza uliwafuata watu waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya hadi Nairobi. Haukupita muda mrefu kabla ya presha yao kuzidi ya wenzao waliobaki nyumbani. Chumvi waliyokuwa wakila ilikuwa imeongezeka. Watu kama hao wakistaafu hurudi kijijini na presha hiyo, nacho kijiji hakijajiandaa kuwatibu.

Utaniambia kwamba watoto hutuma pesa kwa simu. Ni kweli, na pesa hizo zimewaokoa wengi. Lakini presha ya damu kwa kawaida haina dalili. Nyanya hubeba kuni, huwapikia wajukuu na kuwapeleka shuleni, na kila akipigiwa simu husema hajambo. Siku akipatwa na kiharusi, binti huacha kazi mjini ili amuuguze, na wajukuu hukosa mlezi. Ugonjwa wa mtu mmoja huvunja nyumba mbili.

Maoni yangu ni kwamba serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye jukumu la zahanati tangu 2013, zipange huduma kwa kufuata umri wa wakazi wa kila kata. Dawa za presha na kisukari zipatikane katika zahanati ya karibu, na mgonjwa aliyetulia apewe za miezi miwili au mitatu kwa pamoja, asilazimike kusafiri kila mwezi hadi Longisa au Tenwek. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa kote nchini Septemba 2023 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha. Waanzie kwa maboma yenye wazee na wajukuu pekee.

Nawe msomaji wa mjini una kazi yako. Ukienda nyumbani Desemba, pamoja na sukari na mkate, mpeleke mzazi wako apimwe, kisha uandike nambari zote mbili kwenye karatasi. Zikifika 140 kwa 90 au kuzidi, zipimwe tena siku nyingine, na zikibaki hapo aonwe na daktari. Tangu siku hiyo, ukipiga simu usiishie kwa habari za mvua na bonasi ya chai. Muulize kama dawa amemeza leo, na amebakisha ngapi.